Kijani cha Kuazima

Barua niliyoiandika mwezi wa kumi ilikuwa na kurasa mbili, aya tisa, na uongo mmoja tu. Nasisitiza idadi hiyo kwa sababu baadaye watu walinihesabia zaidi.

Wasichana wa shule rafiki ya huko Ayalandi walikuwa wametuandikia kuhusu sikukuu yao ya Mtakatifu Patrisi, tarehe kumi na saba mwezi wa tatu. Walisema siku hiyo watu huvaa kijani, huandamana barabarani, hula viazi na kabichi, na mji mzima hufurahi. Mimi, Leonia, katibu wa Klabu ya Barua, niliona si heshima kuwajibu kwamba tarehe hiyo sisi huwa tunapalilia bustani ya matroni. Nikaandika: "Hata sisi huadhimisha siku hiyo kila mwaka. Shule nzima huvaa kijani, na majirani huja kusherehekea nasi." Mkuu wa shule wa wakati ule alipiga muhuri bila kusoma, maana alikuwa anafungasha vitu vyake vya uhamisho.

Uongo wangu ukapanda ndege kabla yangu, na mimi nikausahau.

Mwezi wa pili, nikiwa nimeingia Kidato cha Tatu, mkuu wetu mpya, Sista Emerensiana, aliniita ofisini. Alikuwa ametoka Mpanda na alikuwa na wiki saba tu pale shuleni. Bado alikuwa anaulizia njia ya kwenda maktaba.

"Leonia, kuna mwalimu anaitwa Nora, wa shule ile ya Ayalandi. Mwaka huu anajitolea Mbala, upande wa Zambia. Anasema atavuka mpaka pale Kasesya aje kuona sherehe yetu ya kila mwaka ya Mtakatifu Patrisi." Akanitazama kwa juu ya miwani. "Mimi ni mgeni hapa. Sherehe hiyo ikoje?"

Mtu mwema angesema kweli hapo hapo. Lakini ndani ya kabati lililokuwa nyuma ya Sista kulikuwa na faili langu, na ndani ya faili kulikuwa na onyo la mwisho. Nilikuwa nimelipata mwezi wa kwanza, kwa kuwafundisha Kidato cha Kwanza wote, sitini na wawili, wampangie foleni makamu mkuu wa shule mlangoni na kumwamkia mmoja mmoja, na kila mmoja asubiri marahaba yake. Makamu huyo, Mwalimu Gabriel, ni mtu wa adabu. Aliitikia zote. Kipindi cha hesabu kilikwisha akiwa bado kwenye kizingiti. Barua ya onyo ilisema kwa kosa lingine lolote, la ukubwa wowote, ningerudi kwa baba, kule Matai, moja kwa moja. Na baba, mzee Isdori, alikuwa ameshaniambia kwamba nikifukuzwa yeye hatafuti shule nyingine. Jembe langu analo tayari, la saizi yangu. Mtihani wa Kidato cha Nne niliuona unanipungia mkono kwa mbali.

"Ni sherehe ndogo, Sista," nikasema. "Ya kiroho zaidi."

"Vizuri. Mila ya shule sitaivunja mimi niliyekuja jana. Lakini hatuna bajeti. Nitakupa bwalo, kuni na masufuria, basi. Mzazi yeyote asiombwe mchango. Itakuwa Kwaresima, kwa hiyo hakuna nyama wala ngoma. Na itakuwa Ramadhani, sitaki waliofunga wakae wanatazama wenzao wakitafuna. Mtakula jua likizama, wote pamoja."

"Ndiyo, Sista."

"Na Leonia, nimeshamjibu huyo mwalimu kwamba tunamkaribisha. Nimejibu kwa jina langu."

Nilipotoka nikamkuta Mwalimu Gabriel amesimama ubarazani, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyeota mvua ikaja kweli.

"Leonia. Nina miaka tisa katika shule hii."

"Hongera, Mwalimu."

"Sijawahi kuiona hiyo sherehe ya kila mwaka. Labda huwa nimelala."

Nikageuka kutazama kama mlango wa ofisi umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

"Utamwambia Sista?" nikauliza.

"Nikimwambia leo, utalia nusu saa yaishe. Nikinyamaza, utahangaika wiki tatu." Akafikiri, akaridhika. "Ikifana, sitasema neno. Ikiharibika, ndipo nitakumbuka. Haya, nenda kaandae mila yako."

Jioni ile ile niliita kamati nyuma ya bafu. Kamati ilikuwa na watu watatu: mimi, Kija na Munira. Kija ni binti wa mzee Bundala, mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Ni mrefu, mpole, na hana haraka na jambo lolote. Munira ni wa mjini, baba yake ana duka karibu na stendi. Yeye ana haraka na kila jambo. Nikawaeleza hali yangu kwa uzito unaostahili.

"We Leonia una kichaa," Munira akasema. "Yaani umedanganya mpaka nje ya nchi?"

"Kwa ajili ya heshima ya shule."

"Heshima ya shule si ilikuwa imetulia tu mahali pake?"

"Tunahitaji nini?" Kija akauliza, kama mtu anayeulizia habari ya kuteka maji.

Tulihitaji viazi, kabichi, maziwa na kijani. Tulikuwa na sifuri ya kila kimoja, isipokuwa kabichi, ambazo zilikuwa zimejaa bustanini na hakuna mwanafunzi aliyekuwa anazililia.

Viazi tulivitafuta kwa mikono. Mama Coleta, jirani wa shule hapo mtaani Malangali, alikuwa na shamba la viazi lililoiva na vijana wake walikuwa wamekwenda kupakia malori mpakani. Nikamwendea na pendekezo: tutamvunia Jumamosi tatu, na yeye atatuachia vile vidogo ambavyo wanunuzi huvikataa.

"Nyie watoto wa bweni mnajua kushika jembe?" akauliza.

"Mama, mimi nimeshaandaliwa la kwangu nyumbani."

Matroni akatuandikia ruhusa. Tukaenda wasichana thelathini, tukarudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Jumamosi ya pili mvua ilitunyeshea toka asubuhi, kumi na wawili wakakata tamaa, wakasema mtakatifu huyo si wa kwao. Sikuwabembeleza. Niliinama kwenye tuta langu nikaendelea, na nikiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe kumaliza kazi ambayo hakuna aliyekuwa ananisimamia. Jumamosi ya tatu tulikuwa na magunia manne ya viazi vya ukubwa wa yai la kuku, na vingine vya yai la njiwa.

Maziwa yalitoka kwa mzee Bundala. Kija alimpigia kwa simu ya matroni.

"Baba ameuliza ni sherehe yako au ya mtakatifu," akatuambia. "Nikasema ya mtakatifu. Ameongeza dumu." Madumu manne ya maziwa mgando yalikuwa yapande na lori la mpunga siku ile ile ya sherehe.

Nyama hatukuwa nayo, lakini hapo Kwaresima ilitukomboa: tulitangaza umaskini wetu kuwa ibada, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Kikabaki kijani. Sare yetu ni bluu na nyeupe. Kija alipendekeza tuchemshe majani ya kabichi tupate rangi, nami kwa moyo wa kujitolea nikatoa shimizi langu. Lilitoka na rangi ya mtu anayeumwa tumbo.

Munira ndiye aliyeliona jambo lenyewe. "Jamani, kijani si kiko kila nyumba? Mwezi wa kumi na moja tulikuwa na uchaguzi wa mitaa. Kwetu tu fulana za kampeni ziko sita. Moja anaivaa mbuzi."

Alisema kweli. Kijani cha kampeni kilikuwa kimetapakaa kata nzima, kuanzia fulana, kofia na kanga mpaka vitambaa vya kufunika ndoo. Ila siasa shuleni ni marufuku, tena marufuku ya kuandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Tukaamua: kofia na kanga hatutaki, tunachukua fulana peke yake, na zitavaliwa kinyume, maandishi yakae ndani. Kisheria, kila msichana angekuwa amevaa rangi.

Tukagawana mitaa. Kila nyumba tulisema maneno yale yale, na yote yalikuwa ya kweli tupu: "Shikamoo mama. Tunaomba kuazima fulana ya kijani. Kuna mgeni anakuja tarehe kumi na saba." Nilijivunia kwamba sikuwa nimedanganya hata nyumba moja. Watu walitoa kwa ukarimu wa ajabu. Wengine walizifua kwanza. Babu mmoja aliuliza kama mgeni atakuja na gari ngapi, nikasema sijui, labda na pikipiki, akacheka sana na kunipiga bega. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Baada ya vipindi tukamenya, tukachemsha, tukaponda. Mpishi wetu, Mama Hellena, alisimamia akiwa ameshika kiuno.

"Kiazi kimeshaiva, mnakiponda cha nini?"

"Ndivyo wanavyokula kwao, mama."

"Wagonjwa?"

Lakini alipoona kabichi na vitunguu vinachanganywa na viazi kwa miiko ya ugali, mikono ikamwasha. Akatunyang'anya mwiko, akaongeza chumvi, na kuanzia hapo sherehe ikawa yake. Madumu yakafika. Wasichana mia mbili wakavaa fulana kinyume, mishono nje. Saa kumi na moja na nusu nilisimama katikati ya bwalo nikajiona jemadari. Mwalimu Gabriel alipita, akachungulia sufuria, akapepesa macho. Nilidhani nimeshinda.

"Leonia," Munira akaita kutoka dirishani, sauti imepanda. "Njoo. Njoo uone ulichofanya."

Barabara ya kutoka mtaani ilikuwa ya kijani. Akina mama walikuja na kanga zile tulizozikataa, wazee na kofia, na vijana wawili walikuwa wamebeba viti kwa ajili ya wale wazee. Walikuwa watu wapatao themanini, na wengine walikuwa bado wanatokea kwenye kona. Mama Coleta alikuwa mbele.

"Tumewahi?" akaniuliza. "Kiongozi ameshafika?"

"Kiongozi gani, mama?"

"We mtoto, acha utani wako. Mwezi mzima mnakusanya kijani, mgeni anakuja, tarehe imetajwa. Unadhani sisi tumezaliwa jana?"

Kabla sijapata jibu, bodaboda ikaingia getini. Nyuma ya dereva alikaa mama wa Kizungu, mfupi, amelowa tope la njia nzima kutoka Kasesya, na shingoni amefunga skafu ya kijani. Vigelegele vikapasuka. Alibebwa na umati kutoka getini mpaka mlangoni mwa bwalo, wasichana wakafuata na fulana zao za kinyume, na hayo, kwa ushahidi wa macho yangu, yalikuwa maandamano. Mwalimu Nora alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Bibi mmoja anayeitwa Fortunata akamshika mkono, akamuuliza kwa Kifipa lini kisima kitachimbwa. Hapo nikadhani tumesalimika, kwa sababu mgeni asingeelewa. Sikujua kwamba huko Mbala wanafunzi wake walikuwa wamemfundisha Kimambwe, na Kimambwe na Kifipa vinasikilizana kama mtu na dada yake. Mwalimu Nora akamjibu bibi, taratibu, kwamba yeye hana kisima.

"Anasema hana kisima!" bibi akawatangazia wenzake. Manung'uniko yakaanza.

Ndipo ikaja pikipiki nyingine, ya mtendaji wa kata. Alikuwa amevaa suti na viatu vya mvua. Akavua kofia ngumu, akatazama kijani chote kile, halafu akatazama kibao cha shule.

"Mkutano huu ameuitisha nani? Kibali kiko wapi? Tena ndani ya shule?"

Sista Emerensiana akatoka mbele. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini alitembea sawasawa.

"Mimi ndiye mkuu wa shule," akasema. "Kama kuna kosa, niulizwe mimi."

Nikamtafuta Mwalimu Gabriel. Alikuwa amesimama kwenye nguzo, na sherehe ilikuwa imeharibika kama alivyoagiza. Lakini hakuwa anatabasamu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Ningeweza kukaa kimya. Mtendaji angeandika jina la Sista, barua ingekwenda wilayani, na yeye angerudishwa Mpanda akiwa bado hajaijua njia ya maktaba. Faili langu lingebaki kabatini na onyo lake moja. Niliyapima yote hayo kwa muda mrefu sana, kama sekunde nne, kisha nikapanda juu ya benchi.

"Hakuna kiongozi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Hakuna kiongozi anayekuja! Na si mkutano. Ni sikukuu ya mtakatifu wa kwao huyu mwalimu. Na hatujawahi kuifanya. Mwaka jana niliandika barua nikadanganya kwamba huwa tunaifanya kila mwaka, akasadiki, akaja. Nguo tuliazima kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Sista hajui lolote. Ni mimi, Leonia Isdori, Kidato cha Tatu B."

Munira alikuwa amejiandaa kumtafsiria mgeni maneno hayo kwa upole, lakini Bibi Fortunata alimwahi. Alimaliza hotuba yangu nzima kwa maneno mawili ya Kifipa. Mwalimu Nora akanitazama. Kisha akasema jambo refu, na bibi akatuletea kwa Kiswahili.

"Anasema kijijini kwao maandamano ni trekta moja na mbwa wanne. Na mwaka jana trekta lilizimika."

Hakuna aliyecheka. Watu themanini walikuwa wametembea kwenye matope kwa ajili ya kiongozi ambaye hayupo. Mama Coleta akasogea mpaka kwenye benchi langu.

"Na viazi? Navyo ni vya uongo?"

"Viazi ni vya kweli, mama. Ni vya shambani kwako."

"Basi tunasimama nje kwa nini?"

Mtendaji akataka kusema, lakini wazee walikuwa wameshaingia na viti vyao. Chakula kilikuwa cha watu mia mbili na hamsini, na sasa tulikuwa zaidi ya mia tatu. Mama Hellena alitazama masufuria, akatutazama, akaweka upawa pembeni na kuchukua kikombe. "Kikombe kimoja kila mtu. Anayetaka cha pili anipige kwanza." Tukasubiri. Adhana iliposikika kutoka mjini, Munira na wenzake waliofunga wakapewa kwanza, maziwa kisha viazi, na nyuma yao bibi, wazee, mgeni, kisha sisi. Mtendaji alisema yuko kazini. Akapewa kikombe. Akauliza kwa nini viazi vimepigwa hivi, akala, akapewa kingine bila kumpiga mtu, na kwenye daftari lake akaandika: hafla ya kidini.

Asubuhi yake nikaitwa. Nilikuwa nimeshafungasha sanduku, nikalikokota mpaka mlangoni mwa ofisi kusudi nisimsumbue mtu. Sista alikuwa ameliweka faili langu mezani, wazi. Mwalimu Gabriel alikuwa amekaa pembeni.

"Onyo la mwisho ni la mwisho," Sista akasema. "Umedanganya kwa muhuri wa shule, ukanidanganya na mimi usoni. Makamu, wewe unasemaje? Unamfahamu zaidi yangu."

Mwalimu Gabriel akakohoa. Niliwaza jembe langu.

"Sista, kabla sijasema," akaanza, akasimama kama mwanafunzi, "mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza makusudi, ili aumbuke. Sikufikiria kwamba ungeumbuka wewe."

Sista akavua miwani. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, na kwa muda nikamwonea huruma mwanamke aliyepewa shule yenye watu kama sisi.

"Kwa hiyo nikimfukuza huyu," akasema polepole, "itabidi niiandikie bodi na habari zako."

"Itabidi, Sista."

"Wewe unataka niandike?"

"Nataka asome," Mwalimu Gabriel akasema. "Jana alipopanda kwenye lile benchi alijua faili lake liko wapi. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo."

Kisha Sista akalifunga faili. Hakulirudisha kabatini, aliliweka kwenye mtoto wa meza, upande wake, akapafunga kwa ufunguo.

"Litakaa hapa, jirani na mkono wangu," akaniambia. "Kuna fulana mia mbili za watu. Zifuliwe, zirudishwe nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iombwe radhi kwa kusubirishwa kiongozi hewa. Mtazirudisha wewe na makamu. Rudisha sanduku bwenini."

Tulianza siku ile ile saa kumi, kila mmoja na furushi kichwani, makamu mkuu wa shule na mimi, tukikwepa madimbwi. Nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba aliikunjua fulana, akaigeuza, akainusa.

"Hii si yangu. Yangu ilikuwa kubwa."

Mwalimu Gabriel akashusha furushi lake matopeni. "Leonia. Mliandika majina ya wenyewe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hata nyumba moja?"

"Tulikuwa na haraka ya kumaliza."

Alifumba macho kidogo. Kisha akapandisha suruali, akachuchumaa, akaanza kukunjua fulana moja baada ya nyingine kwenye kibaraza cha yule mama, akimpimia mabegani. Nami nikachuchumaa upande wa pili. Ya kumi na nne ikawa yenyewe. Tuliomba radhi, tukakunja kumi na tatu zilizobaki, tukavuka mtaro kwenda nyumba ya pili.